Mfu wa Tano wa Kisondela

Masanduku manne yalikuwa yamekwisha kupigiliwa misumari. La tano lilikuwa bado wazi. Inspekta Winfrida Mwakalobo alifanya ishara ya msalaba, ndipo akasogea kuchungulia.

"Na hili nalo linaondoka kesho?"

"Yote matano," alijibu Dakta Riedel. "Gari linakuja asubuhi."

Dakta Riedel alikuwa Mjerumani mrefu, mwembamba, mwenye ndevu za kijivu. Kiswahili chake cha darasani kilinyooka kupita cha Winfrida mwenyewe. Tangu masika yaishe alikuwa amepiga hema juu ya kilima hiki cha Kisondela, mahali wenyeji wanapopaita Kwa Wadachi. Hapakatwi majani, hapafungwi mbuzi. Palikuwa na mawe manne ya makaburi ya Wajerumani waliokufa katika vita ya mwaka kumi na nne, na Dakta alikuja kuwahesabu na kuwahamishia kwenye makaburi makubwa ya vita, mbali na hapa. Alifukua chini ya kila jiwe, akamkuta mtu wake. Kisha kati ya jiwe la tatu na la nne, pasipokuwa na jiwe lolote, akamkuta wa tano.

"Na huyu mtamwandika nani?"

"Mjerumani asiyejulikana jina."

"Akishafika huko?"

"Zege juu yake. Hatafunguliwa tena."

Nje ya hema ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migomba ya karibu ikaonekana kama watu waliosimama. Koplo Lugano alikuwa mlangoni, bunduki begani, mgongo umegeukia masanduku.

"Koplo, ingia ndani uone."

"Niko sawa hapa, afande. Naangalia usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wangu, afande."

Winfrida hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa hajacheka. Jana mama mmoja wa mtaa wa Ibighi mjini Tukuyu, Mwantum, mkaanga vitumbua, alifika kituoni na kukaa kwenye benchi bila kusema neno mpaka watu wote wakaondoka. Miaka mitatu iliyopita mwanawe Rayyan, mnunuzi wa parachichi, alikuja Kisondela kwa miguu na hakurudi. Polisi walitafuta, wakachoka, jalada likalala. Sasa mama alikuwa amesikia sokoni kwamba Mzungu kakuta watu watano mahali pa wanne.

"Mwanangu alivunjika mtulinga wa kushoto kwa bodaboda," alimwambia Winfrida. "Ulipounga ulibaki na kinundu. Nenda kaangalie tu, mwanangu. Mimi sitaki kingine."

Leo alfajiri Mwantum alifungua mlango akawashe jiko, akakuta udongo umelundikwa kizingitini. Mbichi, mweusi, umepigwapigwa kwa kiganja ukawa mrefu wenye mgongo, kama kaburi la mtoto mchanga. Alimpigia simu Winfrida kwa sauti ya mtu anayeficha meno yasigongane. Aliyekuwa na habari ya safari yake ya kituoni, nje ya polisi, alikuwa mmoja tu: shemeji yake, Bushiri.

Mkubwa wa Winfrida kazini alikuwa amemsikiliza, akakuna kidevu. Kibali cha Wajerumani kilitoka juu. Maneno ya mama mwenye uchungu hayatoshi kuzuia masanduku ya wageni. "Niletee kitu kabla ya jioni," alisema. "Kitu cha kushika. La sivyo, yaache yaende."

Winfrida aliinama juu ya sanduku. Mfupa wa mtulinga wa kushoto ulikuwa na kinundu.

"Nimekiona siku ya kwanza," alisema Dakta Riedel. "Inspekta, huyu wa pili ana mkono uliovunjika, na wa nne ana mguu. Askari huvunjika."

"Ana muda gani chini? Miaka mitatu au miaka mia?"

"Mimi ni mtu wa historia, si daktari wa mifupa. Udongo huu wa volkano ni mkali, unakula. Maabara ndiyo itakayosema, na maabara ni miezi."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Ulikuja kuhesabu na hujui?"

Dakta aliweka nyundo juu ya meza. "Nikiulizwa ni Wajerumani wangapi walikufa kwa vita ile wilaya hii nzima, najibu: kuanzia tisa hadi thelathini na moja."

"Tisa hadi thelathini na moja! Dakta, hiyo si hesabu, hiyo ni ramli."

"Nisikilize. Mkulima wa kahawa anapewa bunduki Jumatatu, Jumatano anakufa kwa homa. Tumweke na askari au na raia? Mke wa mmisionari anachukuliwa na Waingereza, anafia njiani. Ameuawa na vita au na maradhi? Askari weusi waliokufa chini ya bendera yetu, Wamanyema, Wasudani: kwa mhesabu mmoja wamo, kwa mwingine hawamo. Wapagazi hawamo kwa yeyote. Ukibadili jibu moja tu, jumla yote inahama."

"Na ile vita ya pili, mliyopigania kwenu?"

"Huko ni balaa zaidi. Askari wetu peke yao, wataalamu wanapishana kwa malaki, wengine hata kwa milioni. Raia waliokimbia kwenye theluji, nani aliwahesabu? Kaka wa bibi yangu alipelekwa Urusi. Maiti yake haikuonwa na mtu. Ofisi moja ilimweka kwa mateka, nyingine ikamweka kwa waliopotea. Hayumo kwa wafu, hayumo kwa wazima. Bibi alikufa bado anamwekea sahani yake kila Krismasi." Alitazama ndani ya sanduku. "Huyu nimemkuta katikati ya Wajerumani, ana kifungo cha koti la jeshi letu kifuani. Sitaki apotee mara ya pili."

"Na kama mama yake anakaanga vitumbua Ibighi?"

Dakta Riedel hakuishika tena nyundo.

Kifungo kilikuwa cha shaba, kimechorwa taji. Winfrida alikigeuza kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa kizima, lakini tundu lake la kupitishia uzi lilikuwa limesuguliwa likang'aa, kama kitu kilichokaa sana mfukoni au kwenye mnyororo wa funguo.

"Dakta, kitambaa cha koti ulikiona? Ngozi ya mkanda? Kiatu?"

"Hapana. Wale wanne wana misumari ya viatu. Huyu hana hata uzi."

"Kifungo kimoja, na mtu yuko uchi."

"Nguo zinaoza."

"Misumari ya viatu haiozi kwa huyu tu, ikabaki kwa wenzake."

Akatoka nje. Sasa alikuwa na jambo la kwanza: aliyemzika alimvua kila kitu, kisha akamtupia kifungo ili aitwe Mdachi. Na vifungo vya Wadachi, Tukuyu nzima inajua vinauzwa wapi.

*

Bushiri, aliyechukuliwa asubuhi kwa ajili ya ule udongo wa mlangoni, alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha gari la polisi chini ya kilima. Alikuwa fundi saa mwenye kibanda karibu na stendi, na pembeni ya saa aliuza sarafu za kale, vifungo na maganda ya risasi ambayo wakulima huyaokota wakilima.

"Vifungo nauza," alisema alipoonyeshwa kile kifungo, kabla hajaulizwa. "Nauzia Wazungu, nauzia watoto wa shule, nauzia kila mwenye mkono. Kuuza kifungo ni kuua?"

"Nani mwingine alijua shemeji yako amekuja kituoni?"

"Nilisema barazani, wanaume tulikuwa wengi. Nilisema kwa hasira! Nilisema huyu mwanamke anakwenda kujidhalilisha kwa mifupa ya makafiri." Alifuta uso. "Rayyan nilimlea mimi, kaka yangu alipokufa. Ninyi mnanitazama hivyo kwa nini?"

Winfrida alikuwa anaitazama mikono yake. Ilikuwa laini, ya mtu wa vidude vidogo.

"Nikuulize jambo baya, Mzee Bushiri. Ungelazimika kumzika mtu kwa siri, bila sanda, bila shehe, unafukuzwa, ungemlaza vipi?"

"Astaghfirullah."

"Nijibu."

"Ubavu wa kulia, uso kibla. Hata ningekuwa nimemuua kwa mkono wangu huu, Mungu aninusuru, ningemwelekeza kibla. Hilo halihitaji kufikiri." Alinyoosha kidole kwenye ukungu, upande uliko Mlima Rungwe. "Kibla ni kule. Hata kipofu wa Tukuyu anajua."

Winfrida alipanda tena kilima haraka mpaka Lugano akabaki nyuma anahema.

"Dakta! Huyu wa tano ulimkuta amelalaje?"

"Ubavuni. Magoti yamekunjwa. Ndiyo maana nilifikiri labda ni askari Mwislamu, na huyo mimi namhesabu kwetu."

"Uso ulitazama wapi?"

Dakta Riedel alitoka, akapima kwa macho, akaonyesha mashariki. Siku isiyo na ukungu, kule huonekana ukuta wa milima ya Ukinga, wa bluu, kutoka mwisho mmoja wa macho hadi mwingine.

Winfrida alihesabu kwa vidole. Si chali kama Wakristo wa Ulaya. Si kibla. Ukinga. Bibi yake alizoea kusimulia jinsi babu wa babu walivyozikwa zamani, kabla ya majeneza: wamelazwa kwa ubavu kama mtu aliyesinzia, wanatazama Ukinga kwa sababu wazee walitokea huko. Siku hizi watu wanazikwa chali kwenye majeneza, uani kwao, na vigae juu. Mwenye kuijua namna ile ya zamani lazima awe mtu mzima sana. Na katika hao wa zamani hakuna hata mmoja aliyezikwa huku kilimani na Wadachi. Mtu wa hapa huzikwa kwao.

"Nani alimwona alivyolala?"

"Mimi peke yangu. Mvua ilikuwa kubwa, niliwarudisha vibarua nyumbani. Nilifunika turubai, nikapiga picha, nikamtoa mwenyewe."

"Hukumwambia mtu?"

"Niliwaambia tumepata Mjerumani wa tano. Basi."

"Dakta, picha zako zimeharibika kwa mvua."

"Hapana, ziko salama kabisa, nina..."

"Zimeharibika," alisema Winfrida. "Tumeelewana?"

*

Njia za kupanda kilima kile ni mbili. Moja inapita uani kwa Jotham Mwakipesile, mwenye migomba yote inayozunguka makaburi. Nyingine inatoka korongoni, nyuma ya nyumba ya Obed, msimamizi wa vibarua wa Dakta. Hakuna awezaye kupandisha maiti kwa njia hizo bila mmoja wa wazee hawa kujua. Winfrida aliwaita wote wawili. Wanakijiji nao walifuata, wakasimama nje ya uzio wa mimea ya masale, wamejitanda kanga na makoti, hawavuki. Katika ukungu ule nyuso zao hazikuwa na macho wala midomo.

"Mgonile, tata," Winfrida aliwasalimu kwa lugha ya kwao, akiwaita baba.

"Tugonile, ndaga," aliitikia Obed. Jotham aliinamisha kichwa tu. Alikuwa mzee mwenye mabega mapana bado, nyengo ya kupogolea migomba imechomekwa kiunoni, ile yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa tai.

"Picha za Dakta zimeingia maji," alisema Winfrida. "Nataka kupiga upya kabla masanduku hayajaondoka, na ninyi mtanishuhudia kwamba hatukubadilisha kitu. Koplo Lugano atakuwa maiti."

"Nani?" alisema Lugano.

"Wewe. Shuka."

"Afande, mimi nimeoa juzi mwezi wa nne."

"Utarudi kwa mkeo jioni. Nipe bunduki."

"Na nikirudi, nitamwambia nimetoka wapi?" Lakini alimkabidhi bunduki, akashuka kaburini huku midomo yake ikitembea. Alikuwa anasali Baba Yetu, na alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku alirudia mara mbili.

Winfrida alimwelekeza kutoka juu: lala ubavu, kunja magoti, geuza uso huku. Alimgeuza makusudi upande wa magharibi, mgongo ukaipa Ukinga.

"Ndivyo Dakta alivyomkuta," alisema. "Mzee Obed, tazama uwe shahidi."

Obed alichungulia. "Hawa Wadachi nao! Wanne chali, mmoja amejikunja kama mtoto mwenye tumbo. Huyu alikuwa mlevi wao." Akacheka peke yake, akarudi nyuma kuwasha sigara.

"Mzee Jotham."

Jotham alisogea ukingoni. Alitazama chini kwa muda. Mikono yake mikubwa ilianza kujipangusa kwenye suruali, ikajipangusa tena.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, tata?"

"Si hivyo. Mtu halali hivyo."

"Dakta ndivyo alivyosema."

"Mzungu anajua nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hamuwezi kumwacha hivyo."

Kabla Winfrida hajamzuia, mzee alikuwa ameshuka. Mlikuwa na nafasi ndogo ya kukanyaga mle. Alipiga goti moja nyuma ya Lugano, akaweka mkono mmoja begani na mwingine gotini, akamgeuza taratibu kama anavyogeuzwa mgonjwa aliyechoka kulala upande mmoja. Akashika taya la koplo kwa vidole viwili, akalielekeza mashariki, ambako ukungu ulificha milima. Kisha akachukua kiganja cha Lugano, akakitia chini ya shavu lake.

Dakta Riedel alivuta pumzi kwa sauti. Alimtazama Winfrida, akaitikia kwa kichwa. Kiganja chini ya shavu. Hilo hata Winfrida alikuwa hajaambiwa.

"Mzee Jotham," alisema Winfrida. Alijilazimisha kusema polepole. "Wale wanne walifukuliwa mbele yako. Walilala chali, macho juu, wakatiwa kwenye masanduku hovyo hovyo, na hukusema neno. Siku zote hizo hukusema neno."

"Wale si watu wangu."

"Na huyu?"

Hapo ndipo Jotham alipotambua alichosema. Alibaki amepiga goti, mkono wake umelala shingoni mwa Lugano. Kule juu hakuna aliyesogea. Obed aliishika sigara karibu na mdomo bila kuivuta.

Mkono wa pili wa Jotham ulishuka kiunoni, ukagusa mpini wa nyengo.

Winfrida alikuwa na bunduki, na haikumsaidia kitu. Wale wawili walikuwa wamebanana mle ndani kama watoto kwenye kitanda kimoja. Aliona jicho moja la Lugano, limefunguka sana, linamtazama yeye tu.

"Tata," alisema, "umekwisha kumlaza vizuri. Hakuna mwingine angejua kumlaza vile. Njoo juu sasa."

"Wakilala vibaya wanarudi."

"Huyu alikuwa anarudi?"

"Nilimlaza vizuri. Nilimlaza kama ningemlaza mwanangu. Na bado kila mvua ikinyesha anakuja. Anasimama kwenye migomba pale, hasemi. Anatazama tu nyumba." Vidole vyake vilifunga mpini. "Nikasema labda ni kwa sababu hayuko kwao. Wazungu walipokuja nikafurahi. Kifungo cha Wadachi nilichokaa nacho mfukoni nilishamtilia; nikasema wamchukue. Wampeleke mbali, wamwagie zege."

"Anaitwa nani, tata? Mwite jina lake."

Maji ya ukungu yalidondoka kwenye majani ya migomba.

"Rayyan," alisema Jotham.

Nje ya uzio mwanamke mmoja alipiga yowe fupi, akazibwa mdomo.

"Alikuja kumwomba binti yangu, Atuganile. Nikamwambia hatuozi huko. Akasema, mzee, amekwisha kuwa na mimba yangu. Alisema kwa adabu. Ningependa angesema kwa ujeuri." Akatazama nyengo kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nilimpiga mara moja. Aligeuka kuondoka, nikampiga."

"Nipe hiyo, kwa mpini."

Haikuja upesi. Iliinuka kwanza, ikapita juu ya sikio la Lugano. Kisha mpini ukamjia mkononi. Lugano alitoka kaburini kwa magoti na viwiko, hakusimama mpaka alipofika kwenye hema, na huko akatapika.

Jotham alifungwa pingu. Winfrida alimsogelea sikioni.

"Rayyan alikuwa kijana mnene. Kilima hiki kinateleza. Nani alishika miguu?"

Mzee aliinua uso, akautazama uzio. Aliutazama kuanzia kushoto mpaka kulia, na kila alipopitisha macho watu walisogea kidogo, wakashikana nguo. Kisha akageuza macho kwenye pingu zake.

"Udongo uliowekwa leo mlangoni kwa mama yake, ni wewe?"

"Ibighi sijafika tangu Pasaka," alisema Jotham. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho siku ile.

*

Mwantum hakuruhusiwa kupanda kilima. Alikuwa chini, kando ya gari, shemeji yake Bushiri amemshikia mwavuli na analia waziwazi. Yeye hakuwa analia. Alipomwona Winfrida anashuka na nyuma yake Lugano na Dakta Riedel wamebeba sanduku moja, alijua.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama Rayyan. Tunampeleka hospitali apimwe, alinganishwe na damu yako, kama sheria inavyotaka. Kisha utapewa umzike. Haendi na wale."

Mwantum aliweka kiganja juu ya mbao. "Innalillahi," alisema. Halafu, kwa Dakta, "Ulikuwa umemwandika kwenu?"

"Nilikuwa nimemwandika kwetu. Nimemtoa, mama. Nisamehe."

"Ulimfukua. Usingemfukua ningekufa sijui." Alitazama juu, ambako ukungu ulikuwa umemeza hema. "Na hao wanne waliobaki, mama zao waliambiwa?"

"Wawili waliambiwa. Wawili... sijui. Sidhani."

"Maskini," alisema Mwantum. "Miaka yote hiyo wanasikiliza mlango."

Winfrida alimvuta pembeni, akamwambia lililobaki. Halikuwa jambo la kumwambia mama saa ile, lakini hakukuwa na saa nyingine. Jotham hakuwa peke yake. Mtu wa pili bado yuko huru, anajua mlango wa Mwantum, na amekwisha kufika mara moja.

"Kwa hiyo nihame?"

"Nataka uweke msiba leo. Hadharani. Turubai, viti, utangazwe msikitini na makanisa yote mpaka Kisondela. Polisi wangu watakuwa wamekaa na wafiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huku kwetu watu hawakosi msibani. Asiyekuja anaulizwa kesho yake, na keshokutwa anaogopwa. Huyo mtu hawezi kubaki nyumbani. Atakuja, atakuja mapema, na atakuja na kuni au mkungu wa ndizi kama wenzake."

Mvua ilianza kunyunya juu ya mwavuli. Mwantum aliangalia mikono yake, yenye makovu madogo ya mafuta ya vitumbua, akaigeuza viganja juu.

"Na akija atanipa pole."

"Atakupa pole."

"Atataka mkono."

"Ndiyo, Mama Rayyan."

"Mkono ule ule ulioshika miguu ya mwanangu. Na mimi sitaujua."

"Hutaujua. Mimi nitakuwa nyuma yako, naangalia nyuso. Wewe kazi yako ni moja tu. Wape wote mkono, usimruke hata mmoja."

Mwantum alijifunga ushungi upya, akaukaza. Akapanda nyuma ya gari bila kusaidiwa, akakaa sakafuni kando ya sanduku, akamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo.

"Bushiri," aliita, gari lilipoanza kuondoka. "Tangulia nyumbani kwa bodaboda. Watandikie watu mikeka. Mwambie na mkeo Siham aandae maji ya kunawa, mengi. Nitashika mikono ya watu wengi leo."